Namna ya kuendesha kipindi cha ombi la Lowell, 1845

Harakati za mageuzi za Marekani, viwanda vilipoanza kushika kasi, hazifundishiki kwa orodha ya majina. Chukueni jambo moja mlichimbe: ombi la wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Lowell, Massachusetts, waliotaka siku ya kazi isizidi saa 10. Darasa la watu 40 linahitaji vipindi viwili vilivyounganishwa, yaani dakika 80. Walimu wa Jinja, Uganda, wana urahisi: wanafunzi wanakijua kiwanda cha nguo cha mji wao na nguvu ya maporomoko ya Nile. Mitambo ya Lowell nayo iliendeshwa na maji, ya mto Merrimack.

Anzeni na hesabu, hotuba ziachwe. Andikeni ubaoni ratiba ya kiangazi aliyoieleza Eliza Hemingway, mfumaji wa Lowell, mbele ya kamati ya Bunge la jimbo, Februari 1845: kuingia saa 11 alfajiri, kutoka saa 1 jioni, nusu saa ya kifungua kinywa, robo tatu ya saa ya chakula cha mchana. Atakayejibu saa 14 amesahau kutoa mapumziko. Jibu ni saa 12 na dakika 45. Mara siku 6, saa 76 na nusu kwa wiki. Kando yake andikeni 48, kikomo cha saa za wiki katika Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006. Kisha ongezeni kwamba chumba alichofanyia kazi Hemingway kiliwashwa taa ndogo 293 na kubwa 61 giza likiingia, mulisikie darasa lenyewe likiuliza habari za hewa.

Sasa gawanyeni watu: 7 wawe kamati, 6 mashahidi, waliobaki waombaji. Ombi lisizidi mistari 8, na liseme mambo matatu: sisi ni nani, tunaumia vipi, tunataka Bunge lifanye nini. Hilo la tatu ndilo husahauliwa. Ombi hubaki malalamiko. Kila mwombaji atie sahihi. Wanawake, ambao walikuwa wengi viwandani, hawakuwa na kura, kwa hiyo sahihi ndiyo iliyokuwa njia yao ya kulifikia Bunge. Chini ya uongozi wa akina Sarah Bagley, naye mfanyakazi wa viwanda hivyo, maombi ya mwaka huo yalikusanya sahihi zaidi ya 2,000.

Kamati ipewe hoja zake kwenye kikaratasi: jimbo likibana viwanda vyake peke yake, biashara itahamia kwa jirani, mwajiri na mwajiriwa wapatane wenyewe. Bila kikaratasi hicho kamati hulainika, na darasa hutoka likiamini sheria ilipita. Haikupita. Kamati ya Bunge, iliyoongozwa na William Schouler, mbunge wa Lowell, ilikiri kwamba maovu yapo, ikasema dawa yake haiko kwa Bunge. Massachusetts iliweka kikomo cha saa 10 kwa wanawake na watoto mwaka 1874. New Hampshire ilitangulia, 1847, ila sheria yake iliruhusu mkataba maalumu wa kuzidisha saa, na wenye viwanda wakadai kila mtu ausaini. Wapeni wanafunzi kifungu cha namna hiyo walitafute tundu wenyewe. Hujifunza mengi hapo kuliko kwenye hotuba yoyote.

Msichanganye ombi hili na migomo ya 1834 na 1836. Ule wa kwanza ulitokana na mishahara kukatwa, wa pili na gharama za bweni kupandishwa.

Halafu kuna pamba. Ililimwa na watumwa katika majimbo ya Kusini mwa Marekani, na mwanafunzi makini atauliza mbona ombi linawapita kimya. Msimzime. Mwambieni kwamba wapinga utumwa nao walitumia maombi, na kwamba kuanzia 1836 hadi 1844 Baraza la Wawakilishi la taifa liliyaweka kando bila kuyajadili.

Dakika 10 za mwisho, kamati isome uamuzi wake na kila mwombaji aandike hatua moja ya kuchukua akikataliwa. Wakishamaliza, waelezeni walichofanya wanawake wa Lowell: walimpigia kampeni Schouler aondolewe, na uchaguzi uliofuata akapoteza kiti.