Siku za kwanza baada ya mafuriko kandokando ya Ziwa Kivu

Sisi wa Bukavu hatupigwi na vimbunga vya baharini, lakini maji yaliyofukia Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, mwezi Mei 2023, yalitufundisha kwamba kazi ngumu huanza mvua inapokatika.

Kabla ya kuingia ndani, zunguka nyumba ukikagua nyufa za ukuta pamoja na mlima ulio nyuma yake, kwa kuwa udongo ulioshiba maji huweza kuporomoka hata baada ya jua kuwaka. Mtu aliyesimama kwenye maji asiguse swichi ya umeme.

Jambo kubwa ni maji ya kunywa, kwani ziwa likichafuka kipindupindu hakiko mbali, na maji maangavu huwadanganya wengi. Yachuje kwa kikwembe safi kilichokunjwa mara nne, kisha yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja nzima. Makala ya kupikia yakikosekana, tia javeli (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) ya asilimia 5 isiyo na manukato: matone 2 kwa lita, yaani 40 kwa bidoni ya lita 20, na maradufu yakiwa na ukungu, koroga, funika, ungoje dakika 30. Harufu hafifu ya dawa isiposikika, rudia kipimo hicho mara moja tu. Yahifadhi katika bidoni yenye mdomo mwembamba, si katika beseni ambamo kila mtoto huchovya kikombe chake.

Matope yaondolewe yangali mabichi. Unga ulioguswa na maji ya mafuriko, ijapokuwa inauma, utupwe.