Neno Moja kwa Kitu Kimoja: Kuandika Historia ya Meli za Vita za Ziwa Nyasa

Uwe unaandaa bango la wageni Matema au makala ya wanafunzi wa Kyela, tengeneza daftari la maneno kabla ya aya ya kwanza. Chora safu tatu: kitu chenyewe, neno ulilolichagua, na maneno uliyoyakataa. Maneno 20 au 30 yanatosha.

Majina ya meli ndiyo huwapoteza wengi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa na Hermann von Wissmann Ziwa Nyasa na Hedwig von Wissmann Ziwa Tanganyika. Ukiandika "Wissmann" tupu, msomaji atachanganya meli iliyopigwa Sphinxhafen (sasa Liuli) tarehe 13 Agosti 1914 na ile iliyozamishwa Tanganyika Februari 1916. Jina kamili, kila mara.

Vitenzi navyo vina uzito. Gwendolen, meli ya Waingereza, iliikuta Hermann von Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaipiga mizinga. Hapo meli iliharibiwa, haikuzama. Graf von Götzen, meli ya Wajerumani ya Ziwa Tanganyika, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma, Julai 1916. Ukiishia kwenye "ilizamishwa", umempa adui ushindi asioupata. Meli hiyohiyo ilirudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Usiiite Liemba unaposimulia vita. Wala usiitangulizie MV (kifupi cha meli ya injini ya mafuta) katika habari za miaka hiyo, kwa sababu ilikuwa bado ya mvuke.

"Manowari" ibaki kwa meli iliyoundwa kwa vita, kama Königsberg ya Wajerumani iliyojificha Rufiji na mizinga yake 10 ya milimita 105. Iliyoundwa kwa abiria na mizigo kisha ikawekewa silaha, iite "meli iliyofungwa mizinga". Usibadilishe manowari, merikebu na jahazi ili kuremba insha: jahazi ni la tanga, na Gwendolen ilikwenda kwa mvuke. Katika kazi hii kurudia neno ni usahihi.

Kwa mahali, andika "Sphinxhafen (sasa Liuli)" mara ya kwanza, kisha Liuli tu. Langenburg, jina la vituo viwili vya Wajerumani, inataka uangalifu zaidi: ya kwanza ilikuwa ufukweni mwa ziwa, ila Neu-Langenburg ndiyo Tukuyu.

Ukimaliza, tafuta kwenye kompyuta kila neno la safu ya tatu, moja baada ya jingine. Likitokea, soma sentensi nzima kabla ya kulibadilisha, maana upatanisho nao hubadilika: jahazi limetia nanga, manowari imetia nanga.