Ungo ukutani: skrubu ya mpangaji, ukuta wa nani?

Masika yalipoanza, mpangaji wangu wa Malindi, Unguja, alinitumia picha. Chumba cha juu, doa la maji pana kama sinia, chokaa imevimba na kuanza kubanduka. "Assalaam alaykum, kaka. Ukuta unavuja." Nilimwomba apige nyingine kwa nje. Nikaona ungo wa setilaiti, na bolti nne za chuma zilizokwisha kufanya kutu, zimepigwa drili ndani ya ukuta wa mawe.

Nilikasirika, halafu nikaona haya. Mkataba wetu wa kurasa mbili, uliopita kwa sheha, ulitaja kodi ya miezi sita, umeme wa Tukuza (wa kulipia kabla) na marufuku ya kufuga kuku. Ungo haukutajwa hata kwa herufi moja.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nafikiri kimarekani. Huku Marekani ninakopanga, mpangaji ana nguvu ambayo wengi wetu hatuijui. Kanuni ya Tume ya Mawasiliano ya huku (FCC) ilianza 1996, na tangu Januari 1999 inawalinda wapangaji pia: ungo usiozidi mita 1 kwa upana unaruhusiwa mahali unapopatumia peke yako, kama roshani au kibaraza chako, hata mkataba ukisema marufuku. Lakini haki hiyo inaishia kwenye ukingo wa roshani. Paa, korido na ukuta wa nje ni vya wote. Mwenye nyumba akikataa hapo, amekataa. Anaweza hata kukukataza kutoboa ukuta ili upitishe waya, ndiyo maana kuna waya bapa unaopenya kwenye upenyo wa dirisha. Usalama na majengo ya kihistoria navyo vinampa sababu ya kukuzuia. Na kama jengo lina antena ya pamoja inayoleta matangazo unayoyataka kwa ubora uleule bila kukuzidishia gharama, anaweza kukuambia utumie hiyo. Walioko Uingereza wasijichanganye: huko anza kwa kuomba ruhusa ya mwenye nyumba.

Usipande ndege na haki hiyo ukidhani itashuka nawe Kisauni, kwenye uwanja wa ndege wa Unguja. Unguja na Pemba, andikianeni. Na kabla ya kumpa mpangaji ruhusa, hakikisha ni yako kuitoa. Nyumba ya Mji Mkongwe inaweza kuwa ya wakfu au ya serikali, na wewe unayejiita mwenye nyumba ukawa mpangaji tu uliyerithi kilemba cha babu, yaani haki ya kupanga aliyoilipia. Kwenye majumba ya Michenzani, paa si la mtu mmoja. Na ndani ya Mji Mkongwe, ulioingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, kugusa sura ya nje ya jengo ni jambo la kuulizia kwanza Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe.

Halafu tazama mbingu, maana hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Azam inarushwa na setilaiti iliyo longitudo ya nyuzi 7 mashariki. Kwa aliyeko Unguja hiyo iko upande wa magharibi, juu kidogo ya nusu ya mbingu. DStv iko nyuzi 36 na sisi tuko 39, karibu juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo ungo wake unakaribia kulala chali, unatazama juu kama bakuli linalosubiri mvua. Mpangaji mwenye roshani ya mashariki hapati Azam hata umpe ruhusa kumi, na roshani yenye paa juu yake haifai kwa DStv. Ukimnyima paa, umemnyima mpira. Sema hilo kabla hajalipa kodi, si baada.

Mkataba wangu mpya unataja mahali pa ungo, njia ya waya, na kwamba hakuna kutoboa jiwe. Ungo ni wa mpangaji, akihama anaondoka nao. Tundu ndilo linalobaki kwangu, kwa hiyo gharama ya kuliziba inatoka kwenye amana yake. Picha za ukuta tunapiga siku anayoingia na siku anayotoka. King'amuzi kisajiliwe kwa jina lake, usije ukadaiwa kifurushi ukiwa ng'ambo.

Kuziba kwenyewe nako kuna adabu yake. Fundi wa kwanza alitaka kupaka saruji, nikamkataza. Saruji huziba unyevu ndani, na ukuta wa mawe na chokaa unataka kupumua. Mzee mmoja wa Malindi aliyajaza matundu kwa chokaa, akaacha yakauke taratibu. Ungo tukauhamishia kwenye sakafu ya paa, nguzo yake imesimamishwa ndani ya tairi bovu lililojazwa zege. Hakuna skrubu hata moja. Mpangaji analalamika kwamba upepo wa kusi unautingisha, nami nimemwambia aongeze zege.