Namna ya kuendesha huduma ya ustawi wa jamii katika shule ya serikali

Anza kwa kumteua mwalimu wa ushauri nasaha ambaye hashiki fimbo. Pale walimu wanapokuwa wachache, kama ilivyo vijijini Bahi au Chamwino mkoani Dodoma, ni rahisi kumkabidhi mtu mmoja malezi pamoja na nidhamu, lakini mtoto aliyechapwa asubuhi hawezi kumweleza mtu yuleyule mchana kwamba jana kwao hakukupikwa. Kwangu mimi, hili ndilo sharti lisilojadiliwa.

Mwalimu huyo apitie rejista ya mahudhurio kila wiki. Shule hufunguliwa Januari, ambapo huku Dodoma mvua za msimu wetu mmoja zinanyesha na uwele na mtama vinadai palizi. Kwa hiyo mwanafunzi asiyeonekana huenda yuko shambani, anachunga ng'ombe, au amepelekwa mjini kufanya kazi za ndani, na kila sababu ina ufumbuzi wake. Aende nyumbani mwenyewe, bila mgambo, aulizie kwanza hali ya shamba na mifugo, kisha azungumze na anayemlea mtoto hasa, ambaye mara nyingi ni bibi. Anachoelezwa akiandike kwa maneno ya mtoto, kwa tarehe, katika daftari linalofungiwa kabatini, na kamwe kisitajwe paredi.

Panapoonekana dalili za ukatili, ukeketaji au mipango ya kumwoza mwanafunzi, shule isichunguze wala isikubali wazee wamalizane kifamilia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kuifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Hivyo aarifiwe afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo, pamoja na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi endapo kuna jinai. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bila malipo, na watoto wote waijue. Mtoto asilazimishwe kurudia maelezo yake mbele ya kila mkubwa anayefika ofisini, kwa maana kila marudio humuumiza upya.

Msichana anayerejea baada ya kujifungua, haki iliyowekwa na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, atayarishiwe darasa kabla hajafika: mwalimu wake azungumze na wanafunzi wenzake kuhusu kejeli, na kabla ya kuulizwa sare, familia iulizwe nani atabaki na kichanga saa za masomo.