Lakenalia: mwagilia kipupwe, acha ikauke kiangazi

Lakenalia, ua la bustani linaloota kutoka kwenye kitunguu (tunguu la ardhini, si kitunguu cha kula), mara nyingi huozea chunguni wakati wa joto. Baridi ikiisha, majani huanza kuwa ya manjano, mkulima akadhani mmea una kiu, akazidisha maji. Kumbe unajiandaa kulala.

Asili ya ua hili ni Afrika Kusini na Namibia, na aina nyingi hutoka upande wa Rasi (Cape) huko Afrika Kusini, ambako mvua hunyesha kipupwe na kiangazi ni kikavu. Mmea hufuata ratiba hiyo popote utakapoupeleka.

Kule Rasi panda vitunguu vyake Machi au Aprili. Kaskazini mwa dunia, Agosti hadi Septemba. Tumia udongo wa kichanga usiotuamisha maji, na usiweke samadi mbichi. Fukia kwa sentimita 2 hadi 3, ncha ikitazama juu. Mwagilia mara moja vya kutosha, kisha subiri majani yatokeze ndipo uanze kumwagilia kwa mpango, kila udongo wa juu unapokauka. Mmea unahitaji jua. Kivulini majani hurefuka na kulala, na shina la maua huwa dhaifu. Usiku wa baridi ya nyuzi 10 hivi unaufaa sana, ila barafu kali huudhuru.

Maua yakishapukutika, usikate majani mabichi. Hayo ndiyo yanayojaza kitunguu chakula cha maua ya mwaka ujao, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kutaka bustani ionekane safi. Yakianza kugeuka manjano, punguza maji. Yakikauka, acha kabisa. Laza chungu ubavu mahali pakavu penye hewa, mvua isipofika, hadi msimu wa kupanda urudi. Kwa maoni yangu, asiye na mahali pa namna hiyo heri ang'oe vitunguu avitunze kwenye mfuko wa karatasi.

Kagua vidung'ata, wadudu wadogo weupe kama pamba, kwenye makunyanzi ya majani. Vidukari navyo hueneza virusi vya batobato. Ukiona majani yenye mabaka na maua yaliyopinda, ng'oa mmea mzima uuteketeze, kwani dawa ya kuuponya haipo.

Kuzidisha ni rahisi: tenganisha vitunguu vichanga vinavyozaliwa pembeni. Ukipanda mbegu, tarajia maua mwaka wa 2 au wa 3. Hata jani lenye afya, likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevunyevu, huzaa vitunguu vidogo pale lilipokatwa.