Somo: Namna ya kuusoma mchoro wa magofu (mfano: Hekalu la Juno la Friedrich)

Tafuta mtandaoni mchoro wa Caspar David Friedrich, Mjerumani (1774–1840), unaoonyesha Hekalu la Juno (mungu wa kike wa kale) katika mji wa Agrigento. Aliuchora kwa rangi za mafuta kati ya 1828 na 1830, na leo uko kwenye makumbusho mjini Dortmund. Maelezo ya watu usiyasome kwanza.

Hatua ya 1: jengo. Gofu hili lipo kweli, Sisilia, kusini mwa Italia. Wagiriki walilijenga karne ya 5 KK: nguzo 6 mbele na 6 nyuma, 13 kila ubavu, jumla 34 (za kwenye kona usizihesabu mara mbili!). Jeshi la Karthago, dola ya kale ya Afrika Kaskazini, lilipouteka mji mwaka 406 KK, hekalu likaungua. Weka picha ya kamera kando ya mchoro, utalitambua mara moja.

Hatua ya 2: mwanga. Sasa liwekee jengo kiganja, utazame kilichobaki. Hapa ndipo penye utamu, usiwe na haraka. Sisilia ni nchi ya jua kali, lakini Friedrich ametia giza la jioni, mwezi na rangi zilizopoa. Mwanga huo ameutoa kwao. Karibu na Greifswald, mji aliozaliwa, kuna magofu ya abasia (nyumba ya watawa) ya Eldena, aliyoyachora tena na tena. Katika mchoro wake wa 1809–1810 aliyahamishia katikati ya mialoni isiyo na majani, kwenye theluji, watawa wakipita na jeneza. Itazame michoro hii miwili pamoja, kisha uniambie kama hekalu la Sisilia halijavikwa hewa ya Eldena.

Hatua ya 3: watu. Hawapo. Wachoraji wengi wa mandhari za Italia waliweka mchungaji au msafiri ili jicho lipate kipimo. Huyu amekunyima.

Hatua ya 4: mchoraji alisimama wapi? Hakusimama popote. Italia hakufika maisha yake yote. Mwaka 1816 rafiki alimwalika Roma, akakataa. Umbo la hekalu alilipata kwenye picha ya kuchapwa ya mtu mwingine. Kwa hiyo nguzo ni za kuazima, jioni ni yake.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, huo si udanganyifu? Unachoraje mahali usipopajua?*
Ungekuwa udanganyifu kama angetuambia alikwenda. Kuchora kwa kufuata picha zilizochapwa kulikuwa jambo la kawaida enzi hizo. Hata Eldena yenyewe hakuinakili jinsi ilivyo.

*Nimesoma mahali kwamba hekalu ni ishara ya dini ya kale iliyokufa, na Ukristo umeshinda. Ni kweli?*
Friedrich alikuwa Mlutheri, na misalaba imejaa kwenye michoro yake, kwa hiyo wazo hilo lina pa kushika. Mimi halijaniingia. Hapa hakuna msalaba wala kanisa. Angetaka kusema hivyo, alijua pa kuuweka.

*Nina simu tu, na kila tovuti ina rangi tofauti. Nifuate ipi?*
Anza na picha ya makumbusho yenyewe, uzime ile rangi ya njano ya usiku kwenye simu. Kuhusu ukubwa usijali sana, ndugu: turubai lenyewe ni kama sentimita 54 kwa 72 tu.