Kupanga mwezi kwa daftari moja na jioni moja, kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini

Watu wengi wakisema wanapanga mwezi wanaandika malengo, ntaweka akiba, ntaanza mazoezi, ntamalizia msingi wa nyumba, afu tarehe kumi ikifika daftari liko chini ya godoro na hakuna anayelikumbuka. Mi naona shida ni pa kuanzia. Anza na vitu ambavyo tayari vina tarehe yake uvipende usivipende, malengo yaje baadae kwenye nafasi iliyobaki.

Chagua jioni moja ya kudumu, mi nashauri Jumapili ya mwisho wa mwezi mkishakula na watoto wamelala. Usikae siku mshahara umeingia, siku hiyo kila kitu kinaonekana kinawezekana. Na kama unafanya biashara, labda una meza Mwanjelwa au unapakia viazi pale Uyole, huna mshahara wa kusubiri lakini Jumapili unayo, kwa hiyo jioni hiyo inakufaa wewe zaidi kuliko hata mwajiriwa. Kama una mke au mume kaeni wote wawili, maana mpango unaojulikana na mtu mmoja ndani ya nyumba unavunjwa na yule mwingine bila hata kujua.

Kabla hujaandika chochote fungua simu, nenda kwenye meseji za miamala, shuka nazo taratibu mpaka tarehe moja ya mwezi unaoisha. Yani soma moja moja, hii nilimtumia mama, hii LUKU, hii bando, hii nilitoa elfu kumi, kesho yake nikatoa tena elfu kumi, na kila ukitoa unakatwa, wakati ungetoa mara moja kwa mkupuo makato yangekua madogo. Andika pembeni kila kitu kilichokula hela zaidi ya ulivyodhani. Hatua hii wengi wanairuka kwa sababu inauma, ila hapa ndo unapata namba za ukweli.

Sasa chukua kaunta buku, ukurasa mmoja, piga mstari katikati. Kushoto shusha tarehe zote, 1 mpaka 30 au 31 (mwezi dume uhesabu vizuri, ile siku moja ya ziada nayo inataka kula). Kulia jaza vyenye tarehe, kodi, marejesho ya kikoba, kliniki ya mtoto, kikao cha shule, mchango wa harusi ulioahidi, zamu yako kanisani au msikitini. Ukimaliza utaona siku zilizobaki wazi ni chache kuliko ulivyofikiria, na hizo ndo zako.

Hapa kuna jambo la huku kwetu ambalo ushauri wa kupanga mwezi ukitoka mjini mbali hauligusi kabisa. Miezi yetu haifanani. Mvua inaanza Novemba kuelekea Desemba inaenda mpaka Aprili au Mei, msimu ni mmoja tu, kwa hiyo gharama zinakuja kwa mafungu: Novemba kulima, mbegu na mbolea ya kupandia, Desemba sikukuu na wageni, Januari shule zinafunguliwa na mahindi nayo yanadai mbolea ya kukuzia. Mitatu mfululizo. Afu Februari na Machi mahindi ya zamani yanaisha ndani, mapya hayajakomaa, na sokoni bei inapanda. Juni na Julai baridi kali, mkaa unakwenda haraka, watoto wanataka masweta, lakini ndo wakati wa mavuno na hela inaonekana mkononi. Agosti kuna maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, nayo ina matumizi yake.

Kwa hiyo mwishoni mwa daftari weka ukurasa wa mwaka mzima, mistari kumi na miwili, kila mwezi andika mzigo wake mkubwa, na kila Jumapili ile ya mpango uufungue kwanza. Mfano una ada ya 300,000 ya Januari. Ukianza Agosti una miezi mitano, ni 60,000 kila mwezi, inauma lakini inabebeka, ukisubiri Desemba unaenda kukopa. Mahindi ya kula nyumbani nayo yapangie Julai, tenga magunia yako yakaushe vizuri, weka kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa ili wadudu wasiyaguse, ndipo uuze yanayozidi.

Baada ya hapo malengo, matatu tu. Na usiandike "kujenga", andika kitendo na siku yake, Jumamosi ya pili naenda kuulizia bei ya tofali na usafiri wa mchanga. Kama huwezi kukipa siku basi mwezi huu hakimo, kihamishie ukurasa wa mwaka.

Acha Jumamosi moja tupu kabisa na kihela cha pembeni. Msiba haupigi hodi, na huku ukitokea kwa jirani unaacha vyote unaenda, hilo halina mjadala, sasa bora uwe umeshalitengea nafasi.

Kila Jumapili zinazofuata dakika kumi zinatosha, weka tiki, sogeza tarehe, basi. Na mwezi ukivurugika katikati, mtoto kalazwa, gari limekufa, mteja hajalipa, usichane ukurasa wala usisubiri tarehe moja. Piga mstari hapo hapo ulipofika, andika hela iliyobaki na siku zilizobaki, anza na kodi na chakula, malengo mawili yafute ubaki na moja.